Ndizi za Msiba wa Tata

Wazee wengine wakienda kupasuliwa hufungasha shuka na mswaki. Baba yangu, mzee Kahangwa wa Rubya, ambaye sisi humwita Tata, alifukia ndizi. Alichimba shimo kibanjani, katikati ya migomba yake, akapanga mikungu ya kutengenezea rubisi, pombe yetu ya ndizi, akamwagiza kaka yangu Mutalemwa: "Zikiiva, kamua. Watu wasije kunililia koo kavu."

Nilikasirika mpaka nikacheka. Daktari wa Bukoba alikuwa amemweleza vizuri: ni saratani ya utumbo mpana, lakini bado changa, wanakata kipande chenye uvimbe, wanaunganisha, na wengi hupona. Tata hakusikia. Yeye alimkumbuka mama tu. Mama alipasuliwa kwa ugonjwa huohuo miaka tisa iliyopita, akarudi nyumbani kwenye jeneza, na tangu hapo Tata hakutaka kusikia habari za kisu.

Basi akapasuliwa, na alipozinduka swali lake la kwanza likawa kama ndizi zimeiva.

Nilimleta kwangu Buhembe apate nguvu, huku tukisubiri majibu ya maabara yaseme kama saratani ilikuwa imesambaa. Mutalemwa akafika na dumu la rubisi, uso umemshuka kwa aibu, na majirani wakanywa matanga ya mtu aliye hai. Tata alikuwa amekatazwa pombe, akaomba anuse tu. Harufu ile ilinirudisha utotoni: Tata akikanyaga ndizi kwenye mtumbwi wa kukamulia, mama akimtania kwamba utamu wote unatoka kwenye nyayo zake, sisi tukigombania juisi kabla haijachacha. Nilimkumbuka mama hadi nikalia mbele za watu.

Majibu yalipotoka, daktari alisema tezi zote walizopima ni safi, saratani haikuwa imesambaa. Hakuna haja ya dawa kali za saratani. Awe anarudi kliniki kuangaliwa tu. Nilipiga kigelegele mle mle ofisini. Tata alimgeukia daktari.

"Daktari, waitu," akauliza kwa heshima, "na mke wangu, angekuja mapema hivi?"

Daktari aliniangalia mimi kwanza. "Huenda angepona, mzee."

Tata akavua kofia.

"Habari ya damu chooni aliniambia mapema," akasema. "Nikamwambia ni bawasiri, nikawa namchemshia majani. Mwaka mzima, mwanangu. Alikunywa kwa sababu nilimpa mimi."