Wimbo Usio na Mwenyewe

Liverpool nzima hakuna kijana anayeupenda mji huu kunishinda mimi, Vinny Garrity. Hata nifukuzwe kwa mbwa, siondoki! Ndiyo maana Jumanne nilipanga foleni ya watu wanaohamia Australia.

Msinicheke. Kazi ya bandarini ni ya kubahatisha, na huko kuna jua. Meli inang'oa nanga mwezi ujao. Limebaki moja tu, kumwambia Mama, na hilo ni gumu kuliko kuogelea mpaka Sydney. Tangu kaka yangu Desmond aende Kanada, Mama humwekea sahani mezani kila Jumapili. Kwa hiyo tangu Jumanne sikai kitini nikatulia.

Jumapili tukawa kwa Bibi, kwenye ubatizo. Kwetu watu wakishashiba, kila mmoja huimba wimbo wake, na nikisema wake, ni wake. Mjomba Cyril ana wa mabaharia, mama mdogo Bridie ana wa kuliza watu, na ole wako uuguse. Huu mpya wa redioni, unaousifu mji wetu na mto wake, ulikuwa bado hauna mwenyewe. Atakayewahi kuuimba pale sebuleni anauchukua mpaka kaburini.

Nikapanga hivi: nikiitwa, nasimama, natoboa siri, nakaa. Nikasimama.

"Vinny, tuimbie ule wa mji wetu," Mama akadakia.

"Mama mkubwa, huo wangu!" Declan, mtoto wa Bridie, akaruka. "Nimeufanyia mazoezi bafuni wiki nzima."

"Bafuni?" nikamwuliza. "Lile karai lenu siku hizi linaitwa bafu?"

Watu wakacheka, yeye akaiva kama nyanya.

"Mwache Vinny," Mama akasema. "Mwenzio ndiye anayebaki na mimi."

Ningesema palepale, lakini macho yote yalikuwa kwangu, na Mama keshatoa leso. Nikaimba. Tena, balaa gani hili, niliimba vizuri! Bibi akapiga meza: "Wake! Ameuchukua!"

Declan hakuvumilia. "Atauimbia wapi? Mwulizeni Jumanne alikuwa wapi."

"Kwa daktari wa meno," nikasema.

"Meno gani? Ulikuwa kwenye foleni ya Australia! Nilikuwa nyuma yako, watu watatu tu. Ukamwambia karani hapa hakuna kinachokushika."

Mama mdogo Bridie akashusha kikombe polepole. "Na wewe, baba, ulifuata nini huko?"

Nikadhani nimepona, kelele zote zitahamia kwa Declan.

Lakini Mama hakumtazama Declan hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi, leso ingali mkononi.

"Lini?" akaniuliza.