Banda Linalotembea

Hakuna mtu kijijini Matwebe aliyewahi kufikiria kwamba banda la kuku linaweza kutembea, mpaka nilipolifikiria mimi. Enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mtu alinunua vifaranga vya boksi kutoka Mbeya, akavifungia chumbani, akavilisha unga wa dukani, kisha akavizika. Mimi nilisuka banda la mianzi lisilo na sakafu, nikalizungushia waya, nikalitia mipini mbele na nyuma kama machela. Kila asubuhi mimi na mama tulilibeba hatua chache kuteremka, kuku wakapata nyasi na wadudu wapya, na pale walipotoka pakaota majani yanayong'aa utadhani yamepakwa mafuta. Nikalitungia na shairi:

Kuku wangu tembeeni, jana si pa kurudia,
Nyasi mpya tafuteni, mbolea kutuachia.

Majani hayo ndiyo yaliyokuwa tegemeo langu. Akina mama wa kanisa walikuwa na mtamba mmoja wa ng'ombe wa maziwa wa kuipa nyumba itakayomtunza vizuri, na nyumba zilizobaki kugombea zilikuwa yetu na ya Lazaro wa Kyimo. Lazaro alikuwa na zizi la mbao zilizopigwa randa. Mimi nilikuwa na malisho. Nilimtaka mtamba yule kuliko kitu chochote duniani, ukimtoa Tulia, mke wangu.

Wiki ileile waliyopanga kuja kukagua nyumba zetu nikateguka mguu. Nilikuwa nikiwaonyesha watu jinsi ya kuruka mfereji.

Mama alikuwa msibani Lupepo. Waliobaki na miguu mizima ni baba yangu, Mzee Nsajigwa, na Tulia. Na hao wawili hawaonani. Kwa mila yetu mkamwana humkwepa baba mkwe: hamtazami usoni, hamwiti, hamjibu. Tangu nimwoe Tulia, baba akikohoa tu njiani, mwenzake keshaingia migombani. Mchungaji alimwambia baba kwamba siku hizi si lazima. Baba akajibu kuwa hata kuvaa viatu kanisani si lazima, lakini mchungaji anavaa.

“Sasa banda litabebwaje?” niliuliza.

“Nitashika mbele, nimempa mgongo,” alisema baba. “Huko nyuma zibeni kwa majani ya migomba. Wewe kaa kwenye kigoda, upitishe maneno.”

Asubuhi ya ukaguzi manyunyu yalikuwa yakianguka. Nilikaa kwenye kigoda, mguu juu ya gogo, kama mtemi aliyeugua.

“Mwambie ainue,” alisema baba.

“Inua, mke wangu.”

“Nimeinua,” alijibu Tulia nyuma ya majani. “Mwambie baba nimeinua.”

“Baba, ameinua.”

“Nimesikia. Mimi si kiziwi.”

“Kama umesikia, basi mimi nakaa hapa kufanya nini?”

“Gwe! Mila haijauliza kama nimesikia. Mwambie twende.”

“Twende, mke wangu.”

Wakaenda. Kuku wakatembea ndani kwa adabu, jogoo akiwa mbele kama mzee wa kanisa. Ndipo alipotokea Mama Anyosisye, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na mwavuli wake na mabuti ya mpira. Alikuwa amekuja kabla ya wakati makusudi, kama afanyavyo mtu anayetaka kuona ukweli.

“Ndaga, Ulimboka. Nimetoka kwa Lazaro. Zizi lake ni zuri kuliko nyumba yangu.”

“Zizi haliliwi, mama! Tazama majani haya. Tena sikiliza.” Nikaanza kumghania shairi, mkono mmoja hewani.

“Mwambie asimame,” alisema baba. “Hapa pana utelezi.”

“…jana si pa kurudia…”

“Ulimboka! Mwambie asimame!”

“Nyasi mpya tafuteni…”

Tulia alisikia. Kijiji kizima kilisikia. Lakini neno la baba mkwe halikuwa lake mpaka lipite kwangu, na kwangu palikuwa na foleni. Akaendelea kusukuma. Baba akateleza, akaanguka chali, na kwa kiburi ambacho nami nimekirithi hakuiachia mipini. Aliishikilia juu vilevile akiwa amelala. Banda likapita juu yake taratibu, mipini ikamponyoka, likatua. Baba akawa ndani na kuku.

“Mbona limekuwa zito?” aliuliza Tulia. “Mwulize baba amefika wapi.”

“Amefika ndani,” nilisema.

Jogoo akakiona kichwa cha baba, kilichoanza upara, akakidonoa ili ajue ni kitu gani.

Nilijaribu kuinuka. Mama Anyosisye akanirudisha kwenye kigoda kwa ncha ya mwavuli.

“Wewe kaa.”

“Basi mfungulie wewe, mama! Mlango uko nyuma, kwa Tulia, nao hawaruhusiwi kuonana.”

“Mimi nimekuja kukagua. Siku mtamba akinasa mferejini nawe hupo, nitakuja kumnasua mimi? Nataka nione nyumba hii inafanyaje.” Akakunja mikono. “Tena nyumba ambayo watu wawili hawawezi kuambiana ‘simama’, ng'ombe atakufa kabla ujumbe haujafika.”

Nilimwona mtamba wangu akienda Kyimo kwa miguu yake minne.

“Ulimboka,” sauti ya baba ilitoka bandani, ya unyenyekevu ambao sijawahi kuusikia. “Huyu jogoo amelenga sikio.”

“Vumilia, baba.”

“Nyamaza, nafikiri. Nimesikia wapo wazee walioufungua mwiko huu kwa zawadi. Mzee anampa mkamwana mnyama, wanasalimiana, basi.”

“Mnyama gani, baba? Hatuna mnyama!”

Ndani kukazuka vurugu, mbawa na matusi ya Kinyakyusa. Kisha kwenye kidirisha cha kuokotea mayai, katikati ya majani ya migomba, ukatokea mkono wa baba umeshika mtetea kwa miguu.

“Tulia, mwanangu,” alisema. Lilikuwa neno la kwanza baba kumwambia. “Pokea kuku wako. Sasa fungua haraka!”

Tulia alimpokea kwa mikono miwili, akapiga magoti, akafungua. Baba akatoka kwa kutambaa. Wakatazamana.

“Kumbe u mfupi hivi,” alisema baba.

“Ndiyo, baba. Na wewe una manyoya masikioni.”

Mama Anyosisye alicheka mpaka akauegemea mwavuli. Halafu akainama, akang'oa majani pale banda lilipokuwa wiki iliyopita, akayanusa.

“Mtamba anakuja hapa,” alisema. “Ila atakuwa wa Tulia. Aliyesukuma ni yeye.”

“Na shairi langu?”

“Utamghania mtamba. Ana muda.”

Siku mtamba alipofika, alifungwa kamba kwenye majani yangu, na banda likahamishwa mbele yake. Mguu wangu ulikuwa bado, nami nilikuwa kwenye kigoda.

“Baba, shika chini, unalipinda!” alisema Tulia.

“Ulinifundisha lini kushika?”

“Inueni!” nilipaza sauti, kwa mazoea.

“Nyamaza!” wakanijibu wote wawili, kwa sauti moja.