Jiwe Lililofunguka kwa Hodi

Shule yenyewe ndiyo iliyotaka ngano. Hilo Odeta alitaka lieleweke kwanza. Shule ya kulipia kule Kiseke, watoto soksi nyeupe hadi magotini, iliwatangazia wazazi kwamba kutakuwa na Siku ya Ngano, na kila mtoto wa darasa la tatu afundishwe nyumbani hadithi ya kwao. Ya kwao, walisema kwa midomo yao wenyewe.

Basi Odeta akaacha cherehani yake, akamkalisha bintiye Selina jikoni, akampa hadithi aliyopewa na mama yake. Kijana amemficha dada yake ndani ya jiwe ili zimwi lisimle. Akirudi kutoka kuchunga huliimbia jiwe, dada humwitikia kutoka ndani, na jiwe hufunguka. Bila wimbo halifunguki. Wimbo ni wa Kisukuma, na Selina aliushika siku ileile. Akawa anauimba akiosha vyombo, akiufunga mkoba, mpaka majirani wakaujua.

Kwenye mazoezi, alipofika penye wimbo, mwalimu mkuu alimkatiza. Akamvisha shingoni kibao wanachovishwa wanaosema kilugha shuleni, na mtoto akashinda nacho hadi kengele ya mwisho. Mtoto wa miaka tisa, kwa kufanya kile alichotumwa na shule.

Odeta hakufungua duka kesho yake. Alifika ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya watoto kupanga mstari. Huyo mwalimu mkuu, Mwalimu Pius, ni Msukuma wa kuzaliwa, na akija kushonesha suruali kwa Odeta husalimia kwa Kisukuma tangu mlangoni. Leo alikuwa anamweleza habari za kanuni, na kwamba mgeni rasmi hawezi kuletwa kusikiliza kilugha.

"Wimbo ni pambo tu, Mama Selina," alisema. "Mtoto asimulie, wimbo auruke."

"Na hilo jiwe, mwalimu, litafunguliwa na nini?"

Mwalimu Pius alicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma Odeta kuliko kibao. Alirudi nyumbani akamwambia Selina aimbe vilevile, atakayemgusa atamkuta mama yake. Selina akaitikia kwa kichwa, macho kwenye viatu vyake.

Siku ilipofika, wazazi walijaa chini ya turubai, mgeni rasmi kiti cha mbele. Selina alisimulia vizuri, hata Odeta akasahau kukasirika. Zimwi likapita, kijana akarudi na ng'ombe, akasimama mbele ya jiwe. Odeta akavuta pumzi pamoja na bintiye.

Selina akamtupia jicho Mwalimu Pius. "Kaka akabisha hodi," akasema haraka, "jiwe likafunguka."

Watu wakapiga makofi. Wakapiga makofi kwa jiwe linalofungukia hodi, kana kwamba zimwi halina mkono wa kubishia. Odeta alihisi ameibiwa mchana kweupe, na walioibiwa pamoja naye wanashangilia. Akasimama pale pale katikati ya viti, akauimba wimbo, sehemu ya kaka yote. Kisha akanyamaza kungoja kuitikiwa, maana ndivyo unavyoimbwa. Wasukuma walikuwa tele chini ya lile turubai. Wengine wakainamia simu zao, mmoja akakohoa.

Selina alishuka jukwaani mbio, akaja akashika kitenge cha mama yake.

"Mama, nyamaza," alisema, na kipaza sauti alichosahau mkononi kikamsikizisha kila mtu. "Kilugha ni cha watu wajinga."

Odeta akamwinamia. "Nani kakwambia hivyo, mwanangu?"

Selina alikuwa mtoto aliyelelewa kusema kweli anapoulizwa na mkubwa. Akageuka, akainua mkono, akamwonyesha Mwalimu Pius kwa kidole. Mgeni rasmi naye akageuza kiti chake kumtazama.