Mwanakikundi wa Sita

Mwokaji alikuwa hajawahi kufunga tanuri kabla ya mikate ya jioni. Hata siku aliyojifungua kitinda mimba wake, uchungu ulimkuta anakanda, na mkunga akamkuta ana unga hadi kwenye viwiko. Kwa hiyo alipofunga mlango mchana kweupe na kuvaa viatu vya kutokea, majirani walichungulia madirishani kuona kama kuna msiba.

"Hakuna msiba," mdogo wake aliwajibu kwa sauti. Huyu mdogo alikuwa msusi, na hakuna aliyemshinda kwa kujibu maswali ambayo hakuulizwa. "Mtoto anatambulishwa chuoni leo. Kikundi chao kimetengeneza jambo la ajabu. Dada anajifanya hajali, lakini hilo gauni amelipiga pasi mpaka linataka kuungua."

"Twende, wewe," mwokaji alisema, lakini hakukanusha.

Mwaliko ulikuja kwa simu, na aliyepiga ni binti mmoja mchangamfu aliyejiita Kepteni wa kikundi. Alimwita "mama yetu" kana kwamba wamelala nyumba moja. Jambo moja tu lilimkera mwokaji: mwanawe mwenyewe hakumwambia kitu. Alipomuuliza, kijana aliangalia pembeni. "Aa, mama, ni mambo ya wanafunzi tu. Mtachoka bure. Msije." Mwokaji alidhani ni haya za ujana. Mtoto anasoma kompyuta, mama yake ananuka moshi wa tanuri, labda anaona soni mbele ya wenzake. Alilimeza neno lile, akaamua kwenda.

Ukumbi wenyewe ulikuwa na viti vya plastiki, pazia jeupe ukutani la kuonyeshea picha, na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Mbele walikaa majaji watatu. Wa katikati alikuwa profesa, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Kikundi ambacho kazi yake ingewapendeza majaji kingekwenda kwenye mashindano makubwa ya vyuo. Pembeni, nyuma ya mlango wa kioo, ilikuwapo maabara yenyewe, na vijana watano wamesimama mbele yake wamevaa makoti meupe. Mwanawe alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alipomwona mama yake akiingia, koti lilionekana kumzidi ukubwa ghafla.

"Mbona kama ameona jini?" msusi alinong'ona.

"Ana woga wa watu. Nyamaza."

Kepteni alisogea mbele. Alikuwa mrefu, mwenye mikono isiyotulia, mwanafunzi wa elimu ya viumbe. "Kazi yetu," alisema, "ni kuvifundisha vijidudu kazi ambayo havikuzaliwa nayo. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu wa fani moja. Na kwenye kikundi chetu ni mwiko mtu kujisifu. Kila mmoja anamtambulisha mwenzake. Mimi mtanitambua kwa kelele."

Watu wakacheka. Akamvuta kijana mpana wa mabega. "Huyu ni Spana. Anasomea mitambo. Tulihitaji kabati la joto la kuotesha vijidudu, chuo hakina. Akachukua friji mbovu lililotupwa nyuma ya bweni, akaligeuza liwe la kupasha moto. Sasa tuna friji pekee duniani ambalo ukiweka maji ya kunywa unatoka na chai."

Spana naye akamshika bega jirani yake, kijana mwembamba aliyekuwa anaangalia viatu. "Huyu tunamwita Hesabu. Haongei. Tukimwona anatabasamu tunajua namba zimekubali. Tumemwona akitabasamu mara moja, wengine wanasema alikuwa anapiga chafya."

Hesabu alimwelekezea kidole binti aliyevaa kilemba. "Huyu ni Wakili. Ndiye anayetuambia hapana," alisema, kisha akarudi kwenye viatu vyake. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Wakili mwenyewe akacheka. Alikuwa mwanafunzi wa sheria. Kazi yake kwenye kikundi ilikuwa kuhakikisha kila walichokishika wamekishika kwa haki.

Mwokaji alianza kuona raha. Hawa watoto walipendana, na mwanawe alikuwa mmoja wao. Wakili alipomtambulisha, mgongo wa mama ulinyooka wenyewe. "Huyu ni Waya, mtu wa kompyuta. Chombo chetu kikiona kitu, yeye ndiye anayekifanya kiseme. Lakini nataka mjue jambo moja. Tulipokwama, tulipokaribia kuvunja kikundi, ni yeye aliyetuokoa. Basi yeye ndiye atakayemtambulisha mwanakikundi wetu wa sita."

Msusi alimgusa dada yake kwa kiwiko. "Umesikia? Ameokoa watu."

Kijana alisogea. Kwenye pazia ikatokea picha.

Ilikuwa ndoo. Ndoo ya kawaida, yenye mpini uliofungwa waya, imefunikwa kwa kitambaa cha maua ya njano. Mwokaji alikitambua kitambaa kabla hajaitambua ndoo, maana alikikata kwa mkono wake kwenye pazia lake la zamani la chumbani. Ndipo masikio yakaanza kumvuma.

"Mwanakikundi wa sita," kijana alisema kwa sauti isiyofika mbali, "ni chachu. Tulitaka kijidudu kinachogeuka chekundu kikikutana na sumu ya ukungu kwenye unga, ili mtu ajue unga umeharibika kabla hajaupika. Hamira za dukani zote zilikufa kwenye unga mchafu. Hii ya... hii ya nyumbani ilikataa kufa. Tukaifundisha hiyo."

Picha ikabadilika. Visahani vya kioo, na ndani yake matone mekundu kama damu iliyoganda. Watu wakapiga makofi.

Mwokaji hakupiga. Alikuwa amegeuka jiwe.

Chachu ile alikabidhiwa na mama mkwe wake, naye aliikuta kwa mama mkwe wake. Kila siku hutolewa ya mikate na kubakizwa ya kesho, haijawahi kuisha wala kukauka. Siku ya kumkabidhi, mama mkwe alimshika mikono yote miwili akasema, "Hii haitoki ndani ya nyumba hii. Mtu akitaka, mpe mkate." Mwokaji alikubali, na akashika neno lake hata pale liliposhikika kwa shida. Mdogo wake huyuhuyu, mume alipomkimbia na kumwachia watoto, alikuja kumwomba kikombe kimoja tu aanzishe biashara mtaa wa pili. Akamnyima. Akampa mikate, akampa unga, akampa kila kitu, chachu akamnyima. Msusi akaenda kujifunza kusuka, na kwa muda mrefu hawakupeana salamu.

Sasa msusi alikuwa ametoa macho. Rangi ilimtoka usoni, kisha ikarudi kwa nguvu.

"Dada," alisema polepole. "Hiyo si ile?"

"Nyamaza."

"Mimi nililia mbele yako. Nilipiga magoti jikoni kwako. Leo iko kwenye visahani kwa watu wasiokujua hata jina?"

"Nimekwambia nyamaza. Sijui kitu."

Msusi alimtazama, akaona kweli hajui, na hasira yake ikakosa pa kukaa. Akashika mdomo kwa kiganja.

Mbele, profesa alikuwa amevaa miwani yake. "Kazi nzuri sana," alisema. "Swali moja. Kiumbe hiki kimetoka nyumbani kwa mtu. Mwenyewe aliridhia?"

Wakili alijibu upesi, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa alichokisomea. "Ndiyo, profesa. Hilo lilikuwa jambo langu la kwanza. Ni mali ya mama yake Waya. Mwenzetu alizungumza naye, akaridhia."

"Wewe mwenyewe ulizungumza naye?"

"Mwenzetu... ni mama yake mzazi, profesa."

"Na yupo hapa!" Kepteni alidakia kwa bashasha. "Nilimwalika mwenyewe. Mama yetu, tafadhali, simama wakuone!"

Vichwa vyote viligeuka. Makofi yakapigwa tena, makubwa kuliko ya kwanza, na mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Mwokaji alijikuta amesimama. Hakujua miguu iliamua lini.

"Karibu, mama," profesa alisema kwa upole. "Ni utaratibu tu. Uliombwa chachu yako, ukaridhia?"

Mwanawe hakuwa akimwangalia usoni. Aliangalia mikono ya mama yake. Neno lililohitajika lilikuwa fupi, na kila mtu mle ndani alikuwa amelitengenezea nafasi. Akilitamka, watoto wanakwenda kwenye mashindano yao, makofi yanaendelea, na mwanawe anabaki shujaa. Asipolitamka, mwanawe ni mwizi mbele ya ukumbi mzima.

"Sema ndiyo," msusi alinong'ona kutoka kwenye kiti chake. "Mimi yangu nimesamehe. Sema yaishe."

"Sikuulizwa," mwokaji alisema.

Feni ilisikika. Kepteni alibaki na tabasamu usoni, maana lilikuwa limekosa wa kuliondoa. Spana alisema "Hee!" kama mtu aliyekanyaga msumari. Wakili alimgeukia Waya taratibu, akamtazama kana kwamba wanakutana kwa mara ya kwanza.

"Uliniambia alicheka," alisema. "Uliniambia mama alicheka akasema chukueni hata ndoo nzima. Hata maneno yake ulinipa."

Kijana aliinamisha kichwa.

Profesa alivua miwani. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililowatisha zaidi. Alisema kazi iliyojengwa juu ya kitu kilichochukuliwa bila ridhaa haiwezi kupimwa wala kwenda popote, na kwamba kikundi kile kilikuwa kimetoka mashindanoni tangu dakika hiyo. "Na vilivyomo humo maabara, mama, ni vyako. Ukitaka vibaki hai, vitabaki. Ukitaka viuawe, vitapikwa kwenye mtungi wa mvuke sasa hivi. Hakuna wa kukusukuma."

Waliingia maabara mwokaji, msusi, profesa na vijana watano. Spana alilifungua lile friji lake la moto, akatoa visahani na chupa moja iliyojaa uji mweupe, akaviweka mezani bila mzaha wowote. Mwokaji aliinama. Alitarajia harufu ya dawa, ya hospitali. Ikamjia harufu ya jikoni kwake alfajiri, ileile, kali kidogo na tamu kidogo, ikitoka kwenye vitu vyekundu asivyovijua. Alirudi nyuma hatua moja.

"Kwa nini hukuniuliza?" alimwambia mwanawe.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Sasa, mama, si ndiyo maana..."

"Kukataa kulikuwa kwangu!" Alishangaa mwenyewe jinsi alivyopaza sauti. "Hata huyu mama yako mdogo nilimkatalia, na aliniomba kwa machozi. Lakini aliniomba. Akapokea hapana yake akaondoka nayo. Wewe ulininyima hata hiyo. Umenifanya nicheke kwenye hadithi yako, mimi nikiwa nyumbani nimekaa sijui."

Kijana alianza kulia, kwa aibu, bila sauti, kama alivyolia utotoni. Kepteni alishindwa kuvumilia. "Mama, tafadhali. Ni kazi ya mwaka mzima. Ingesaidia watu. Unga mbovu unaua watu, mama, wewe unajua kuliko sisi."

"Najua."

"Basi turuhusu hata sasa!"

"Mwache," Wakili alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama, usiseme ndiyo kwa kutuonea huruma. Nakuomba."

Mwokaji alimtazama binti huyo. Kisha akaigusa ile chupa, akavigusa na visahani kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja. Mama mkwe hakuwahi kumwambia la kufanya siku chachu itakapotoka bila yeye kuitoa.

"Vipikeni," alisema. "Vyote. Na huyu ndiye avibebe."

Mwanawe alivibeba. Visahani viligongana, na Hesabu akaenda kushikilia upande wa pili wa sinia. Mtungi ukafungwa kwa vishikizo vyake vinne, ukawashwa, na baada ya muda ukaanza kufoka.

Harufu ikatoka. Hakuna aliyeitegemea. Ilikuwa harufu ya mikate inayoiva, nzito, ikajaza maabara, ikapita chini ya mlango wa kioo, na ukumbini watu wakasikika wakinyamaza, kisha wakiulizana nani anaoka. Msusi alimshika dada yake mkono.

Mvuke ulipoisha, Wakili alimsogelea. Alikuwa amevua lile koti jeupe, amelikunja mkononi.

"Mama," alisema. "Tukija nyumbani kwako, sote, tukagonga mlango, tukakuomba upya kama watu. Utatukubalia?"

Mwokaji aliangalia mtungi, akamwangalia mwanawe aliyekuwa amesimama peke yake ukutani, akajifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Sijui," alisema. "Niulizeni kwanza."