Mji wa Kauri Ng'ambo ya Hospitali

Mashavu anavuka barabara kwa sababu muuguzi amemwambia atoke nje akapate hewa. Mdogo wake, Riziki, yuko chumba cha upasuaji tangu asubuhi, moyo wake una tundu, na daktari amesema kazi ni ndefu, hakuahidi kitu. Ng'ambo kuna nyumba ya zamani yenye baraza, kibao chake kinasema ni makumbusho ya sanaa za Asia, na Mashavu, ambaye hajawahi kukanyaga makumbusho maishani, anaingia kwa kuwa mlango uko wazi na ndani kuna ubaridi. Bi Shirini, mama mtu mzima anayeitunza nyumba, anamtazama usoni. Anampitisha kwenye bakuli za kauri za Uchina, nyeupe zenye michoro ya buluu, kwenye hariri za Uhindi, kwenye kichwa cha jiwe ambacho mvua za miaka mingi zimekifuta uso, kisha anamwachia benchi mbele ya mchoro mrefu uliotundikwa kuanzia darini hadi karibu na sakafu: milima, ukungu, njia nyembamba inayopanda. Keti tu mwanangu, anamwambia, huu hautaki haraka. Mashavu anaketi. Anaifuata njia kwa macho, inapinda, inazama ukunguni, inatokea juu zaidi, inapinda tena, na mahali fulani kati ya kona na kona anaacha kuitazama, anaanza kuitembea.

Ukungu una harufu ya chai. Njia inapanda, na kila anapodhani imefika inazaa njia nyingine, nayo nyingine, na milima inahama taratibu kama watu wanaosogea kumpisha mgonjwa. Pembeni anasimama mtu aliyevaa joho la kijivu, uso wake laini kama yai, hauna jicho wala mdomo, lakini sauti inatoka. Mashavu hashtuki, anashangaa tu kwamba hashtuki. Anamwambia anamtafuta mdogo wake. Yule mtu anamuuliza, yupi, anayekwenda au anayerudi? Mashavu anajibu kwamba anaye mmoja tu. Basi mtafute unapokanyaga, anasema asiye na uso, na anageuka kuwa ukungu. Njia inashuka sasa, bila kupinda, mpaka kwenye mji mweupe wenye michoro ya buluu, kuta za kauri, madirisha ya kauri, ndege wa buluu waliochorwa angani wakiruka bila kusogea. Barabara zake ni maji yaliyotulia, na maji hayo yanamwezesha kutembea juu yake. Anainama. Chini kuna mji mwingine uleule, umepinduka, na humo anatembea Riziki, kichwa chini, nyayo zake zimegusana na nyayo za dada yake.

Mashavu akipiga hatua, naye anapiga. Mashavu akisimama, Riziki hasimami, anaendelea peke yake kuelekea lango lililo wazi, na ubaridi unapanda kwenye miguu ya Mashavu. Anakimbia, anamfikia, nyayo zinagusana tena. Anamwita. Riziki anainua macho, au anayashusha, na uso wake umetulia kama alipokuwa mtoto, kabla ya kuanza kuhema ngazini. Dada, anasema, huku kifua hakiumi. Ni kweli, Mashavu mwenyewe anaona hakiumi. Anasema, Riziki, tangu uzaliwe sijakunyima kitu, hiki nakunyima. Anapiga magoti, anatumbukiza mkono majini, na maji ni mazito kama uji, yanamvuta naye. Anaupata mkono wa mdogo wake. Anavuta. Mji mzima unalia mlio wa bakuli likigongwa kwa kijiko, mlio unaozunguka na kuzunguka na kukataa kuisha.

Ni simu. Iko mapajani mwake na Bi Shirini anamgusa bega. Shemeji yake, Mbaruku, mume wa Riziki, analia upande wa pili, na inamchukua Mashavu muda kuelewa kwamba ni kilio cha furaha: wamemaliza, moyo unapiga wenyewe. Bi Shirini anasikia, anamshika mikono yote miwili, na wote wawili wanajikuta wanacheka kama wanaofahamiana siku nyingi. Mashavu anavuka barabara. Ukumbi wa hospitali unapinda, unapinda tena, na mlangoni anasimama mtu aliyevaa nguo za kijani, barakoa mpaka chini ya macho. Mashavu anasita. Samahani, anasema, naomba nikuone uso. Muuguzi anashangaa, kisha anashusha barakoa, na ana mwanya, ana jasho juu ya mdomo, anatabasamu. Mashavu anampita, anaingia.

Riziki amelala kati ya mipira na mashine, kifua kinapanda na kushuka bila haraka. Vidole vyake vina joto. Mbaruku anamvutia Mashavu kiti, anamwambia shemeji, umechoka, sasa unaweza kulala kidogo. Lala wewe, anasema Mashavu kwa upole, na anaketi akiwa amefumbua macho, asije mdogo wake akaendelea tena peke yake.