Kondensa ya Landrova ya Polisi

Karatasi ilikuwa imeshaandikwa. Ilibaki sahihi ya Fundi Kahigwa tu. Ilisema kwamba Ndalahwa, mwendesha mtumbwi wa kijiji, ameihujumu injini ya kijiji kwa makusudi. Mwenyekiti Shimba alikuwa ameikandamiza kwa kiganja juu ya boneti ya Landrova ya polisi isipeperushwe na upepo wa ziwa. Ndalahwa mwenyewe alikalishwa mchangani, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya wavu.

“Weka sahihi, ndugu fundi, tusikucheleweshe,” alisema Shimba. “Ameonekana akiifungua. Na amri anaijua: injini ya kijiji inafunguliwa na fundi wa serikali peke yake.”

Fundi wa serikali ndiye huyo Kahigwa, na mara ya mwisho kufika hapo ilikuwa miezi minne iliyopita. Petroli hakuna, vipuri hakuna, na barua zake za kuomba vipuri zilikuwa zimelala ofisini huko Nyamagana bila majibu. Alikuwa amechoka, tena ule uchovu ambao usingizi hauuondoi. Angetia sahihi, wangeondoka saa hiyohiyo, na jioni angekuwa kwake Pasiansi amenyoosha miguu.

“Ngoja kwanza niione,” alisema, akajilaumu kabla hajamaliza kusema.

Injini ilikuwa palepale nyuma ya mtumbwi. Alichomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma, akavuta kamba. Hakuna cheche. Akaweka plagi nyingine, vilevile. Akafuata waya mmoja mmoja mpaka kwenye swichi ya kuzimia, zote nzima. Ikabidi anyanyue gurudumu zito la juu ya injini, na chini yake akazikuta platini, vile vyuma vidogo vya kukatia umeme, zimeungua nyeusi, zina mikwaruzo ya wembe.

“Si unaona?” Shimba alidakia. “Amezikwangua!”

“Nilikuwa nazisafisha, mzee Kahigwa,” Ndalahwa alisema. “Wiki tatu inakataa kuwaka. Kila nikisafisha inawaka siku moja, halafu zinaungua tena.”

Basi hapo Kahigwa alijua. Platini haziungui hivyo kwa wembe. Zinaungua kondensa inayomeza cheche zake ikishakufa. Hicho kikopo kidogo, hakizidi kidole gumba, ndicho kilichotaka kumpeleka mtu gerezani. Lakini maneno matupu hayamfungui mtu kamba, na kondensa Mwanza nzima hazikuwepo. Akageuka, akaitazama Landrova.

“Afande Mihayo,” alimwambia polisi, “naomba kondensa ya gari lako. Dakika chache tu.”

Mihayo alicheka, halafu akaona fundi hacheki. Alimtazama Ndalahwa, akamtazama mwenyekiti, akafungua boneti.

Kahigwa alipiga platini msasa, akaifunga kondensa ya polisi, akarudisha gurudumu. Mvuto wa kwanza, kimya. Mvuto wa pili injini ikanguruma, moshi ukatanda, na wanawake waliokuwa wakianua dagaa wakapiga vigelegele. Kahigwa alihisi furaha, na furaha ile ikamshangaza.

Shimba aliikunja karatasi yake polepole. “Sasa kosa ni la nani?”

“La kifaa, mwenyekiti. Kimekwisha muda wake.”

“Nitaandikaje kifaa kwenye taarifa?”

Mihayo alimfungua Ndalahwa kamba, akampangusa mchanga kwenye suruali, akasema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi, “Fundi, nami narudi mjini. Gari haliwaki bila hicho kitu.”

Kahigwa aliokota bisibisi. Mara ikamponyoka majini, akaipapasa mpaka akaipata, akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi, kwa uchovu asiweze hata kunyanyuka.

“Lete, mzee,” alisema Ndalahwa. “Pumzika.”

Aliizima injini. Kisha akaifungua, mbele ya mwenyekiti na mbele ya polisi, huku vifundo vya mikono vikiwa bado na alama za kamba. Akaing’oa kondensa, akamkabidhi Mihayo kwa mikono miwili. Mwenyekiti alimshikia skrubu zisipotee.