Mabruuk Kabla ya Jaribio

Tangu waingie dukani, Wagdi, mwenye duka, hakuwa amemtazama Shahinaz hata mara moja. Maneno yake yote aliyapeleka kwa Moataz, kaka mtu, mpishi wa keki ambaye kompyuta alijua kuizima kwa kuchomoa waya tu.

"Shika mwenyewe, bwana mhandisi. Kadi hii ni bibi harusi, haina doa."

Katika jengo lile la maduka ya kompyuta, katikati ya Kairo, kila mwanamume anayevuka kizingiti huitwa mhandisi. Moataz alikohoa, akaigeuza kadi ya picha, kile kipande kinachochora michezo kwenye skrini ya kompyuta, kama anayekagua samaki. Kilichomleta pale ni amri ya mama yao: msichana asiende sokoni peke yake.

Damu ilimpanda Shahinaz masikioni. Mashine ilikuwa yake, akiba yake. Miezi miwili sasa, kila pambano la mchezo wa mtandaoni lilipopamba moto, picha ilimgandia kwenye skrini, na ilipozinduka alikuta ameshauawa. Wenzake wanne wa timu walimvumilia. Jana nahodha akamwambia, kwa upole uliouma kuliko tusi: mashindano yanaanza Ijumaa; mashine yako isipopona, nafasi yako tunampa mwingine.

"Ilitumika wapi?" Shahinaz aliuliza.

"Ya mtoto wa shule, bwana mhandisi," Wagdi alimjibu Moataz. "Anacheza mpira siku za likizo. Wallahi, haijachimba sarafu hata saa moja."

Shahinaz akaipokonya kadi. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimechubuka. Pembeni kulikuwa na jasho la mafuta, lile linalotoka kadi ikichemshwa miezi mfululizo kuchimba sarafu za mtandaoni. Ilinukia sabuni. Mtoto gani wa shule huosha kadi kwa sabuni?

"Iwashwe. Nusu saa, ifanye kazi kwa nguvu zote."

"Nimeapa, bibie."

"Nimesikia. Iwashwe."

"Shahi," Moataz alinong'ona, "mtu kashamtaja Mungu. Unanitia aibu." Na kabla hajazuiwa, akanyoosha mkono. Wagdi akaudaka.

"Mabruuk!"

"Mungu akubariki," Moataz akajibu, kama alivyofunzwa tangu utotoni.

Basi, kwa hongera hiyo na jibu lake, biashara ikawa imefungwa. Wenye maduka jirani waligeuza shingo, maana anayevunja mabruuk amemwita muuzaji mwongo mbele za watu. Shahinaz aliyajua hayo. Alijua pia kwamba hata shule aliyosoma ilichaguliwa hivyo hivyo, wanaume wawili wakishikana mikono juu ya kichwa chake.

"Umempongeza yeye," alisema. Sauti ilifika duka la tatu. "Yeye hana kompyuta. Mfungie, akaitie kwenye tanuri la keki!"

Mtu alicheka nje. Wagdi, uso umemkunjamana, akaichomeka kadi kwenye mashine ya majaribio. Shahinaz akavuta kigoda, akaketi mbele ya skrini.

Dakika ya tano, feni zilipiga mayowe. Dakika ya tisa, joto lilivuka nyuzi tisini. Dakika ya kumi na moja, skrini ikajaa mabaka ya zambarau, kisha ikawa nyeusi tii.

Alidhani atafurahi. Hakufurahi. Moataz alikuwa akikuna kiganja alichompa Wagdi.

"Umeme wa leo..." Wagdi alianza.

"Usiusingizie umeme. Lete ile ya rafu ya chini. Ile fupi, yenye vumbi."

"Ile haina hata taa za urembo, bibie."

"Sikuja kununua taa. Nipe bisibisi."

Aliifunga mwenyewe, na hakumruhusu mtu kumsaidia. Joto lilipanda hadi sitini na nane, likatulia. Feni zikavuma taratibu.

Dakika ya kumi, Moataz alimgusa bega. "Imetulia, mdogo wangu. Twende?"

"Bado dakika ishirini."

Ndani yake hakujatulia kitu. Alimsikia kaka yake akisita nyuma yake, kisha akiburuta kigoda kingine na kuketi ubavuni pake.

"Hizi namba," Moataz aliuliza kwa sauti ndogo, "zinasemaje?"

Shahinaz alisubiri dakika igeuke, kisha akaiwekea kidole namba ya juu. "Hili ni joto."